Wakuu naombeni ushauri: Crown Athlete sura ya zamani au hii yenye mdomo?

Mchovu wa Foleni:
Wakuu heshima kwenu. Nimejichanga muda mrefu nataka niagize Toyota Crown Athlete, gari ninayoitamani tangu niko chuo. Sasa ile body ya 2008 mpaka 2012, S200, kwangu ndo gari, taa zimetulia, sho (grili ya mbele) iko mahali pake. Halafu kuna S210 iliyotoka mwishoni mwa 2012, hii sho wameishusha mpaka kwenye bampa wakaikunja kunja kama radi, kila nikiiangalia naona mtu kaachama kwa daktari wa meno. Wife ndo anaitaka hiyohiyo, eti ya zamani tutaonekana tumerithi kwa mjomba. Hivi hii sura mtu unaizoea kweli? Au niichukue halafu mafundi wanibadilishie uso waweke wa S200?

Babu Klachi:
Mdomo haujaanza leo mkuu. Audi 2004 kwenye A6 waliunganisha sho ya juu na ya chini ikawa kitu kimoja, watu wakapenda, basi kila kampuni ikataka mdomo. Lexus 2012 wakaja na ile iliyobanwa kiunoni, BMW 2020 wakatoa 4 Series figo, yaani zile sho zake mbili, zimesimama toka boneti mpaka chini, watu wakatukana weee. Crown nayo iliingia kwenye msafara tu.

Fundi Nondo:
Kubadilisha uso sahau. Hizo ni body mbili tofauti, taa haziingii, fenda hazikai, boneti ndo kabisa, utanunua kipande chote cha mbele na bado utabaki na mianya ya kupitisha kidole. Kama kinachokukera ni kung'aa, ile kromu ya kuzunguka sho ipige nyeusi au bandika stika, mdomo unapungua ukali. Ila usije ukazibaziba matundu kutafuta urembo, rejeta na kondensa ya AC zinapumulia hapo. Na kama itakuja na rada ya kufuata gari la mbele, sho na nembo usiguse hovyo bila kujua rada imekaa wapi.

mamaa_G:
Mi ninayo S210 nyeupe mwaka wa pili huu, nilizoea ndani ya wiki, we unakaa ndani bwana, huo uso wanauona wenzio kwenye saiti mira. Kinachonitesa ni bampa, liko chini na matuta ya mtaani kwetu kila mtu anajijengea lake, saa hizi limeshikiliwa na vifunga vya plastiki. Msikilize shemeji.

Msee wa Thika Road:
Nyinyi mna bahati mnachagua, huku Kenya gari ikipita miaka 8 haiingii, hiyo S200 ya kuagiza tunaiona kwa picha tu. Sura mbaya tumezizoea, Nissan Juke ilipokuja nilidhani taa kubwa ni zile za juu kumbe ni zile duara ziko kwa bampa.

Babu Klachi:
Halafu mleta uzi, injini ya 2.5 ya V6 kwenye zote mbili ni 4GR ileile, hapo fundi wako hajali sura. S210 ndo ina haibridi (mafuta na umeme) ya silinda 4, hiyo kwa foleni unazokaa itakusaidia mafuta. Ada ya uchakavu wa gari la zamani utalipia tu, S200 zote zimeshavuka miaka 8 na S210 nyingi pia.

Mchovu wa Foleni:
Asanteni wakuu, Fundi Nondo nakuja PM unipe bei ya kupiga nyeusi. Ila nimeharibu mwenyewe, nilitaka kumtisha wife nikamwonyesha kuwa hiyo S210 mwaka 2013 Toyota waliiuza mpaka ya pinki, nilijua atacheka tuhamie S200, sasa kaing'ang'ania simu anatafuta kama bado zipo sokoni.