Tabaka za ukutani zinakatika kati ya mapezi, na joto halifungi hesabu (OpenFOAM, programu ya kuiga mtiririko na joto)

seli_ndogo
Wakuu, naomba msaada. Nina hitisinki (kipoza joto chenye mapezi, yaani vibati vyembamba) ya alumini ndani ya mfereji wa hewa wa mm 60 × 40, naiiga kwa chtMultiRegionSimpleFoam (kikokotoo cha joto kati ya hewa na kitu kigumu) na modeli ya msukosuko ya k-omega SST. Mapezi yana unene wa mm 1 na nafasi ya mm 4 kati yao. Hewa inaingia kwa 8 m/s, kitako kinapewa wati 60. Seli za msingi za meshi (wavu wa vijichumba vya kukokotolea) ni mm 4, kwenye mapezi level 4 (zimegawanywa nusu mara nne). Meshi ya hewa na ya alumini nimezitengeneza mbalimbali kwa snappyHexMesh, zana ya meshi ya OpenFOAM. Nimeomba tabaka 10 za seli nyembamba ukutani, ya kwanza mm 0.04, ukuaji 1.2. Kuta za mfereji zinazipata zote, kati ya mapezi zinabaki mbili tatu. Tena hewa inatoka na wati 51 tu, ilhali residuali (makosa yaliyobaki ya hesabu) zimetulia.

Mkondo
Mkuu, unene wa tabaka ya kwanza usiuguse. Kati ya mapezi kasi inafika 10 m/s, namba ya Reynolds kama 5,300, na y+ (umbali kutoka ukutani kwa kipimo kisicho na uniti) ya 1 inaangukia mm 0.022 kutoka ukutani. OpenFOAM hupima hadi katikati ya seli, hivyo mm 0.04 inatosha kabisa.

Tatizo ni nafasi. Tabaka zako 10 zina jumla ya mm 1.04, na mstari wa kati uko mm 2 kutoka kwenye pezi: uwiano 0.52. Kwa kawaida maxThicknessToMedialRatio (kikomo cha uwiano huo) huwekwa 0.3, ndiyo maana snappy inazipunguza. Weka 0.6. featureAngle nayo (kikomo cha pembe ya kona) ikiwa 60, tabaka zitaishia kwenye kona za nyuzi 90; weka 130 zizunguke.

Halafu shusha meshi ya hewa iwe level 3. Snappy haifuti seli kupisha tabaka, inazibana tu. Kwa level 4 seli 16 zinabanwa kwenye mm 1.92 zilizobaki, kila moja mm 0.12, wakati tabaka ya mwisho ina mm 0.21. Kwa level 3 zinakuwa 8 za mm 0.24, zinapokezana vizuri. Alumini ibaki level 4 ili pezi lipate seli nne kwa unene.

joto_sawia
Kuhusu wati 9 zilizopotea, fungua faili ya boundary utazame sampleMode (namna meshi moja inavyosoma thamani za nyingine). Meshi zako mbili hazilingani uso kwa uso. nearestPatchFace huchukua thamani ya uso mmoja ulio karibu bila kujali eneo, kwa hiyo joto linalotoka upande mmoja silo linaloingia upande wa pili. Weka nearestPatchFaceAMI, inayogawa kwa eneo la nyuso zinazopishana, pande zote mbili, kisha soma sum(weights) kwenye logi: iwe karibu na 1. Ikiwa chini sana mahali fulani, kona zimeviringika, washa explicitFeatureSnap ili meshi ishike kona.

Hewa yako inabeba takribani wati 23 kwa kila nyuzi moja, hivyo wastani wa halijoto ya kutokea, ukipimwa kwa uzito wa mtiririko, upande kwa nyuzi 2.6. Usisimamishe kabla alumini haijatulia. Huchelewa kuliko hewa.

seli_ndogo
Asanteni sana wakuu. checkMesh (zana ya kukagua meshi) inatoa non-orthogonality (mwinamo wa seli dhidi ya nyuso zake) ya nyuzi 73, meshi niifute?

Mkondo
Zikiwa nyuso chache kwenye ncha za mapezi, ziache. Tumia limited corrected 0.5 (sahihisho la mwinamo lenye kikomo) kwenye laplacianSchemes na snGradSchemes, na nNonOrthogonalCorrectors 1. Zikiwa zimetapakaa ndani ya tabaka, punguza tabaka ziwe 8.