ejabberd au Prosody: ipi inalinda vizuri seva ya kuchati?

jahazi
Wakuu, nina seva ndogo ya XMPP (mfumo huria wa kuchati) inayotumia programu ya Prosody. Wiki mbili sasa hatulali: kuna mtu anabahatisha manenosiri usiku kucha, na akaunti ngeni zinawarushia watu wangu matangazo. Niongeze moduli (vipande vya nyongeza) hapa hapa, au nihamie ejabberd, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo?

kipanga
Kwa hao wabahatishaji, ejabberd iko mbele. mod_fail2ban inakuja nayo: IP (anwani ya mtandao) ikikosea nenosiri mara 20 inafungiwa saa moja. Mimi nimeshusha hadi 8. Kwenye Prosody itabidi uongeze mod_log_auth inayoandika waliokosea kwenye logi (kumbukumbu za seva), halafu fail2ban ya nje, programu ya kufungia IP, isome logi hiyo. Inafanya kazi, ila una vitu viwili vya kutunza.

nyuki_mweupe
Mkuu kipanga, 8 ni chache mno. Watu wa ofisi moja mara nyingi hutoka na IP moja. Mmoja akibadilisha nenosiri, simu yake ikaendelea kujaribu la zamani, ofisi nzima inafungiwa. Yalinikuta.

Na kama seva iko nyuma ya proksi (seva ya kati inayopokea watu kwanza), shughuli ni pevu zaidi: ejabberd inaona IP ya proksi tu, kwa hiyo mshambuliaji mmoja anawafungia watu wote nje. Washa use_proxy_protocol, na proksi nayo uiweke itume IP halisi ya mtumiaji. Hili lilinila usiku mzima.

tumbiri
jahazi, hizo akaunti za matangazo ni za seva yako au za nje? Tazama kilichoandikwa baada ya @.

Kama ni za nje, mod_block_strangers ya ejabberd huzuia ujumbe wa mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya mawasiliano ya mpokeaji. Za ndani inaziachia, usipobadilisha allow_local_users. Prosody ina mod_firewall, moduli ya jumuiya. Kanuni unaziandika mwenyewe kwenye faili la .pfw. Naipenda kuliko zote kwa sababu unaamua kila kitu, lakini anza na LOG (kuandika tu kwenye logi) siku kadhaa kabla ya kuweka DROP (kutupa ujumbe). Kanuni zangu za kwanza zilimeza ujumbe halali wa watu.

jahazi
Nimetazama. Zote za ndani. allow_registration, ruhusa ya yeyote kujifungulia akaunti, niliiacha true tangu siku ya kwanza.

nyuki_mweupe
Basi usihame, ndugu yangu. Hata ejabberd ukiiacha mlango wazi hivyo wataingia tu. Iweke false leo hii. Baadaye ukitaka wapya, tumia mialiko: mod_invites na mod_invites_register zimo ndani ya Prosody tangu toleo la 0.12. Hapo allow_registration inarudi true, ila pamoja na registration_invite_only = true. mod_limits, inayobana kasi ya miunganisho, nayo iwashe; c2s (mtumiaji kwenda seva) 10kb/s inatosha kwa maandishi.

jahazi
Nimefunga. Na zile zilizokwisha kuingia?

tumbiri
Tumia amri ya prosodyctl deluser, moja moja. Chukua nakala ya data kwanza, maana ikifuta imefuta.