Mjadala: Mtoto anakula mchicha na papai kila siku, matone ya vitamini A ya nini?

Baba Neema
Wakuu, habari za jioni. Kuna ubishi umeingia nyumbani kwangu tangu mwezi Juni na haujaisha, nikaona niulete hapa.

Walitangaza matone ya vitamini A kama ilivyo kila Juni na Desemba. Nikambeba mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minane, tukapanga foleni. Nesi akachukua kidonge laini chekundu, akakata ncha kwa mkasi, akamkamulia mdomoni, akaandika kwenye kadi. Dakika moja haikufika. Mtoto kakunja uso kama kalambishwa mwarobaini, tukaondoka.

Kufika nyumbani bibi yake akaniuliza: "Huyu anakula mchicha na papai kila siku, karoti namkwangulia mwenyewe kwenye uji. Hayo matone ya nini?" Nikakosa jibu. Nikaanza kusoma, nikakuta mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade wa Cape Verde, Jan Low na Howarth Bouis, kwa kazi ya kuongeza virutubisho ndani ya mazao yenyewe. Watatu wa kwanza kazi yao ni hivi viazi lishe vyetu, vya rangi ya chungwa.

Sasa hoja yangu: kwa nini serikali isiachane na matone, nguvu hiyo ikahamia kwenye viazi lishe na bustani za mboga? Kidonge kinatoka nje. Siku mfadhili akinuna tunafanyaje? Marando ya viazi ukishayapata unapanda, unakata, unampa jirani. Nawasilisha.

Kipara Ngoto
Ukishabishana na bibi umeshashindwa mkuu. Kubali yaishe.

Mlishe
Kazi yangu ni lishe, kwa hiyo nitavutia upande wangu, mnisamehe. Bibi si wa kuchekwa. Kosa liko sehemu moja tu: rangi ya chakula ni kitu kimoja, vitamini inayofika kwenye damu ni kitu kingine.

Mmea hauna vitamini A. Una karotinoidi, na chache kati ya hizo, hasa beta-karotini, ndizo mwili unaweza kuzikata zikawa retinoli, ambayo ndiyo vitamini A yenyewe. Nyingine hazigeuki. Nyanya ni nyekundu kwa sababu ya laikopeni, na laikopeni haiwi vitamini A hata ule ndoo nzima. Kiini cha yai la kienyeji kinachowapendeza kwa unjano ni luteini na ndugu zake. Retinoli iliyomo humo haina hata rangi ya kuionea.

Zamani hesabu ilikuwa sehemu 6 za beta-karotini ya chakula zinatoa sehemu 1 ya retinoli. Mwaka 2001 kule Marekani wakasahihisha ikawa 12 kwa 1. Kwa majani ya kijani wapo watafiti waliofika mpaka 26 kwa 1.

Kilichowashtua ni utafiti wa Java Magharibi, Indonesia, uliotoka 1995. Kina mama wanaonyonyesha waligawanywa makundi. Kundi moja likaongezewa kila siku mboga za majani zilizokaangwa, jingine likapewa biskuti iliyotiwa beta-karotini kiasi kile kile, miligramu 3.5. Baada ya wiki 12 wa biskuti damu yao ilikuwa imepanda vizuri. Wa mboga hawakusogea. Beta-karotini ile ile, uzito ule ule! Kwenye jani imefungwa ndani ya chembe za kijani pamoja na protini, na tumbo halina subira ya kuifungua yote. Kwenye embe, papai na kiazi lishe imekaa kwa namna inayotoka kirahisi zaidi.

Simaanishi mtupe mchicha. Ukatwe mdogo mdogo, uive, utiwe karanga au tui. Karotinoidi bila mafuta inapita tu kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Kuna akina mama wanachemsha mchicha kwa maji na chumvi wakijisifu kwamba wanaepuka mafuta. Mtoto wa mwaka mmoja ana kitambi gani cha kuepushia mafuta?

Matone yabaki. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulikuta theluthi nzima ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa vitamini A, na hao wote wanaishi kwenye nchi ya mchicha na maembe. Kidonge chekundu kina yuniti 200,000. Mtoto anaziweka kwenye ini, anazitumia miezi.

Zuu wa Pwani
Mlishe, umeeleza vizuri mpaka ulipofika kwenye matone, hapo ukaruka. Sema na upande wa pili basi.

Matone yalipata heshima kwa utafiti wa Alfred Sommer kule Aceh, Indonesia, mwaka 1986: waliopewa vidonge vifo vilipungua kwa asilimia 34. Sawa. Halafu India, Uttar Pradesh, wakajaribu kwa watoto kama milioni moja. Majibu yakatoka 2013: vifo vilipungua asilimia 4, kiasi ambacho kitakwimu hakitofautiani na bahati. Walipojumlisha tafiti zote upya mwaka 2017 wakabaki na asilimia 12. Mbona hili hatuambiwi kliniki?

Mimi sisemi matone ni sumu. Nasema dozi kubwa mara mbili kwa mwaka ilibuniwa kwa watoto wa miaka ya themanini waliokuwa wanakufa kwa surua na kuhara. Leo wengi wanachanjwa surua. Nguo ya jana tunamvalisha mtoto wa leo bila kumpima tena.

Mlishe
Dada Zuu, hapo kwenye asilimia nakupa haki yako, 34 ya Aceh siwezi kuiahidi leo. Lakini ule wa India nao ulilaumiwa sana, Sommer mwenyewe akiwemo, kwamba haikueleweka ni watoto wangapi hasa walimeza. Na asilimia 12 ya vifo vya watoto, ukiibeba mpaka makaburini, ni watoto wengi. Ukiwa na la kuweka mahali pake, liweke kwanza, ndipo uondoe.

Mzee Marando
Nyie mnabishania asilimia, mimi nabishana na fukusi, mdudu anayetoboa viazi. Nipo Sengerema, nimelima viazi lishe msimu wa tano huu: Kabode, Mataya, na Ejumula kidogo.

Kwanza Mlishe kasema kweli, kiazi lishe kinafanya kazi. Hata mradi ulioniletea mbegu ulituonyesha mambo ya Zambezia, Msumbiji: watoto wenye vitamini A kidogo kwenye damu walishuka kutoka asilimia 60 hadi 38 kwenye vijiji vilivyopewa marando na mafunzo, na kwenye vijiji vingine hali ikabaki pale pale. Sibishi.

Ila ngoja niwaambie kilichotokea kwetu. Marando yalikuja bure kwenye gari, tukapiga picha, tukapanda. Kiangazi kikaingia. Marando ni kitu cha maji, yakakauka. Mvua ziliporudi, mbegu ya zamani ilikuwepo kila bondeni, ya chungwa imebaki kwa watu wawili wenye shamba kando ya ziwa. Mradi ulikuwa umeshafunga ofisi. Baba Neema anasema marando hayahitaji mfadhili. Hayahitaji kweli, yanahitaji maji.

La pili ni mdomo. Msukuma kiazi chake ni cha unga, ukimeza kinakukaba mpaka utafute maziwa. Hiki cha chungwa kina majimaji. Watoto wanakigombania, wakubwa wanakiita kiazi cha wagonjwa. Sasa anayeamua kipandwe nini ni mtoto au baba yake?

La tatu, michembe. Mwaka juzi nilikata vya chungwa, nikaanika juani, nikajaza gunia. Nilipofungua baada ya miezi minne, ile rangi ya kupendeza ilikuwa imekwenda, vimebaki na rangi ya boksi. Nikajua vitamini nayo imeaga. Mtaalamu akitaka kunisahihisha anisahihishe.

Mlishe
Hukukosea mzee. Na watu wengi wanalilaumu jua, kumbe kosa kubwa liko kwenye gunia. Kuanika kunapoteza kiasi, ila ukianika haraka sehemu kubwa inabaki. Miezi ya kukaa kwenye joto na hewa ndiyo inayoimaliza beta-karotini. Vya chungwa ni vya kula vibichi toka shambani, yaani kuchimba na kuchemsha. Afrika Kusini wanafunzi walipewa gramu 125 tu za kiazi lishe kilichochemshwa na kupondwa, siku 53 za shule, akiba ya ini ikapanda. Kiazi kimoja cha wastani.

Mwana wa Ujiji
Sisi Kigoma huu ubishi tunausikia kwa mbali. Sombe ya mawese, maharage ya mawese, mgebuka kwa mawese. Mawese mekundu yana karotinoidi miligramu 500 hadi 700 kwa kilo, na mafuta yamo humo humo. Tatizo ni akina dada wa siku hizi. Wanayaweka jikoni, wanayachemsha mpaka moshi unatanda nyumba nzima na yale mafuta yamekuwa meupe, eti yasipake rangi wali. Ukimaliza hapo umebaki na mafuta matupu, karotini yote imekwenda na moshi. Bibi yangu angekuona unafanya hivyo angekunyang'anya sufuria.

Kipara Ngoto
Mimi hiyo harufu ya mawese siiwezi, nipeni matone.

Zuu wa Pwani
Mwana wa Ujiji umenikumbusha jambo. Tangu 2011 kanuni zinataka mafuta ya kula ya viwandani yaongezwe vitamini A. Sasa nenda dukani kwa Mangi: mafuta ya kupima, kwenye dumu linaloangaza, limekaa juani tangu asubuhi. Vitamini A na mwanga havipatani. Na alizeti ya kukamua mashineni Singida, tunayoipenda kwa kuwa ni ya asili, hakuna aliyeongeza chochote. Hii njia ya tatu, baada ya matone na viazi, nayo ipo hapo katikati, wala hakuna anayeipima mtaani kwetu.

Mtaka Afya
Kwani tunahangaika nini? Kuna vidonge vya beta-karotini vya asili, mimi nimeletewa na rafiki, kopo moja linatosha mwezi. Ni mmea mtupu, hakuna madhara. Nikiwa napenda sigara najua mapafu yangu yanalindwa.

Mlishe
Mkuu, hapo tafadhali simama. Finland walifikiri hivyo hivyo. Wanaume wavutaji 29,133, baadhi wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku. Majibu ya 1994: waliopewa walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 *zaidi*. Marekani wakajaribu miligramu 30 pamoja na vitamini A, ikazidi kwa asilimia 28, wakasimamisha utafiti Januari 1996 kabla ya muda wake. Ndiyo maana hata dawa za macho za wazee kule zimeondolewa beta-karotini, zikawekwa luteini na zeaksanthini. Papai kula utakavyo. Hilo kopo, kama unavuta sigara, mrudishie rafiki yako.

Mtaka Afya
Duh. Nililipa na nusu nyingine nadaiwa.

Mtoto wa Mbeya
Kuna hatari nyingine hamjaigusa. Jirani zetu Zambia sukari yao inatiwa vitamini A, watoto wanapewa vidonge, halafu wakaletewa na mahindi ya chungwa kwa utafiti. Walipopima ini za watoto wakakuta akiba imepitiliza. Msimu wa maembe ulipoingia, ngozi za baadhi ya watoto zikageuka njano. Mwili ukishashiba retinoli unapunguza kuikata beta-karotini, inabaki inazurura mpaka kwenye ngozi. Ya embe haidhuru, inakuonya tu kwamba ghala limejaa. Ya vidonge, sukari na mafuta ni retinoli iliyokwisha tengenezwa, na hiyo haina breki.

Kwa hiyo Zuu ana hoja. Pimeni kwanza, mkoa kwa mkoa. Mtoto wa Kyela mwenye embe na mawese si sawa na mtoto wa kijiji ambacho tangu Agosti ni ugali mweupe na dagaa tu.

Halafu hayo mahindi ya chungwa hapa nchini nawatakia heri. Wazee wetu bado wanakumbuka unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Mpaka leo ukimwekea mzee ugali wa njano anakuuliza kama kuna njaa.

Mlishe
Na yale ya yanga hata karotini yake nyingi ilikuwa luteini, si ya kugeuka vitamini A. Kwa kupima mkoa kwa mkoa sina ubishi. Ila kupima kunataka kutoa damu, maabara na hela, na wakati tunasubiri, Desemba inafika. Mimi nitasimama pale na mkasi wangu.

Zuu wa Pwani
Simama dada, hujakatazwa. Ila nikija na mwanangu ambaye anakula maini kila wiki, usiniangalie kama mama mzembe nikikuuliza maswali.

Baba Neema
Nimesoma yote, mpaka nimemsomea bibi. Kwenye Indonesia akacheka, akasema hao hawakutia karanga. Kwenye kiazi akanyamaza, halafu akaniuliza vinapatikana wapi. Mzee Marando, nina kauwanja nyuma ya nyumba huku Kibaha, maji ni ya dumu. Nikipata mbegu nitaivusha vipi kiangazi?

Mzee Marando
Usihangaike na marando kiangazi kizima. Ukichimba, chagua viazi vidogo visivyo na tobo la fukusi, vipange kwenye beseni lenye mchanga mkavu, tabaka la mchanga tabaka la viazi, weka ndani kwenye kivuli. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua vitoe, vipande karibu na bafu, umwagilie maji ya kuoshea vyombo. Vitachipua marando ya kutosha shamba dogo.

Ukija Sengerema nikukatie ya kuanzia, leta gunia la katani lililolowa maji. Usije na mfuko wa nailoni, ukifika Kibaha utakuta yameiva humo ndani kama mboga.