Sehemu ya 64: watu kumi na mmoja wamekufa, halafu "amka mwanangu, chai inapoa"!!!

Mla Kurasa (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu, kama kwenu ni nzuri.

Mnamjua. Simtaji, maana nikimtaja atapata wasomaji wapya na hao nao atawanywesha chai. Ni yule yule mwandishi wa hadithi za mtandaoni wa "bila like mia siendelei". Yule wa Inspekta na ghala la karafuu. Ameshusha sehemu ya mwisho saa hizi, moto kabisa, na mwisho wenyewe ndio huu:

"Akashtuka usingizini, jasho likimtiririka. Kumbe yote ilikuwa ndoto! Sauti ya mama yake ikasikika kutoka jikoni: amka mwanangu, chai inapoa."

CHAI. INAPOA.

Maiti kumi na moja, wakuu. Mhasibu, mke wa mhasibu, mlinzi, mpagazi wa karafuu, mpaka yule mzee wa kahawa ambaye hakuwa na kosa lolote zaidi ya kuuza kahawa. Wote wamelala chini kusubiri haki, halafu mtu anaitwa akanywe chai. Sijui hata kama ilikuwa na maandazi. Hakuandika. Kashindwa hata kutupa maandazi!

Turudi sehemu ya 3. Ghala limefungwa kwa ndani, mhasibu yuko chini, saa yake ya mkononi imesimama saa nne na dakika ishirini usiku, na kwenye mfuko wa suruali kuna ufunguo uliokatika jino. Mwandishi akikupa saa iliyosimama na ufunguo uliokatika jino, hapo anakopa. Anakopa muda wako, bando lako na akili yako, na analipa mwisho wa hadithi. Huyu amekopa sehemu 63, ya 64 akazima simu.

Na kinachouma ni kwamba kesi ilikuwa inatatulika! Sehemu ya 17 nahodha anamwambia Inspekta kuwa usiku ule, mwezi ndio kwanza umeandama, alileta mashua mpaka chini ya ukuta wa ghala saa nne usiku. Mtu wa pwani akifika hapo anaruka kitini. Mwezi ukiandama maji ni ya bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Unguja bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kati ya kujaa na kupwa siku hizo kuna karibu mita nne. Saa nne usiku ule ufuo ulikuwa mkavu, mashua ingekwama kwenye tope mbali kabisa na ukuta. Kwa hiyo nahodha hakuja kwa bahari. Alikuwa nchi kavu tangu jioni, na anadanganya!

Ushahidi mtamu namna hiyo umekaa wazi, haukupigiwa mstari, haukufafanuliwa na mtu, kaachiwa msomaji. Ukiona hivyo unasema kijana anaweza. Kumbe anaweza kulala.

Riwaya ya upelelezi ninayoipenda ni ya aina moja tu. Muuaji awe ameshapita mbele yangu kabla ya robo ya kwanza kwisha, hata kama ni kuuza sigara tu. Ushahidi niuone siku ile ile anayouona mpelelezi, si aokote kitu, akitie mfukoni, akitabasamu, halafu mimi niambiwe baada ya sehemu ishirini. Na nikimaliza nikirudi nyuma, nikute kila kitu kilikuwepo. Sitaki pacha aliyekuwa Muscat miaka yote. Sitaki mganga anayemwona muuaji kwenye beseni la maji. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alichapishiwa Mzimu wa Watu wa Kale, mzimu uko hadi kwenye jina la kitabu, na bado mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake akamtoa muuaji mwenye nyama na mifupa. Hakuamshwa na mtu akanywe chai.

Na hesabu yake ni hii. Sehemu moja ina maneno kama 800. Ondoa 250 za ILIPOISHIA, ambazo ni sehemu ya jana imebandikwa tena. Ondoa 60 za vitisho vya like. Hadithi ni maneno 490, na ndani ya hayo Inspekta anawasha sigara mara tatu. Sehemu nane za mwisho ziliuzwa shilingi elfu mbili kwa waliozidiwa na arosto. Elfu mbili, wakuu, chai ya mtu mwingine!

Na sehemu ya 31 Inspekta mwenyewe alilala AKAOTA. Ndoto ndani ya ndoto. Kwa hiyo pale nani alikuwa analala?

Chai inapoa. Acha ipoe. Igande kabisa.

Siti ya Mbele

Nimewahi. Endeleeni.

Kaka Kitasa

Punguza povu mkuu, utateleza. Jamaa alikuwa anawapa chai tangu sehemu ya kwanza, wewe peke yako ukadhani ni bahari, ukaanza kupima bamvua 😂

Mtutu Mfupi

Mnalia ndoto, bastola hamkuiona? Sehemu ya 40 jambazi ana revolva, kaifunga kiwambo cha kuzuia sauti, kapiga risasi kumi na moja bila kujaza. Revolva ya kawaida hubeba sita. Na kiwambo hakiisaidii, kwa sababu kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, gesi na kelele vinatokea hapo kabla havijafika kwenye kiwambo. Ipo Nagant ya Kirusi ya 1895 ambayo silinda yake husogea mbele ikaziba mwanya, lakini nayo ni ya risasi saba. Bado nne hazina kwao.

Mla Kurasa

Ndiyo maana nakasirika mkuu! Ukimuuliza atasema ndotoni risasi haziishi. Kila kosa sasa lina kinga. Ufunguo, risasi, nahodha, vyote vimefutwa kwa kikombe kimoja.

Jiko la Pwani

Na mke wa mhasibu je? Sehemu ya 29, kala mhogo mchungu, kaanguka kijiko bado kiko mkononi. Sumu ya mhogo haiendi hivyo. Mhogo mchungu ambao haukulowekwa wala kuanikwa vizuri humchukua mtu saa kadhaa, na huanza na kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma. Zile saa ndizo dhahabu ya mwandishi wa upelelezi! Marehemu anaweza kutembea, kugombana na mtu, kupanda daladala, na muuaji akawa mbali kabisa anapoanguka. Jamaa kazitupa zote apate kijiko.

Kaka Kitasa

Uzi umeingiliwa na wakemia.

Mzee wa Rafu ya Juu

Vijana, ndoto yenyewe haina kosa. Mwandishi Kezilahabi ana riwaya za Nagona (1990) na Mzingile (1991), zote mbili zinakwenda kindoto ndoto, na ni vitabu vyembamba vinavyokuchosha kuliko vinene. Lakini pale tangu kurasa za mwanzo unajua umetoka kwenye dunia ya kawaida, unavua viatu unaingia. Huyu wenu kawauzia saa, funguo na majira ya bahari, vitu vya dunia hii, kisha mwishoni kabadilisha dunia. Kosa ni kubadili masharti mchezo ukiwa umekwisha.

Siti ya Mbele

Haya, mtaalamu kaingia. Sasa hivi tutaulizwa dhamira na maudhui.

Shangazi Mabuku

Nyie wa upelelezi mmezoea raha ndio maana mnalia. Njooni huku kwenye mapenzi. Kila binti ni maji ya kunde, macho legevu kama kala kungu, na hajawahi kuumwa hata mafua. Kila mwanamume ana gari jeusi lenye vioo vya giza na kazi isiyojulikana. Mama mkwe anakataa posa sehemu ya 5, anakubali sehemu ya 50, katikati hakubadilika kitu, aliamka tu akakubali. Na mwandishi akichoka mtamjua, wahusika wanapewa safari ya Iringa. Ukiona safari ya Iringa jua gari linaacha njia Kitonga, anabaki mtoto mchanga anayefanana na baba yake.

Jiko la Pwani

Shangazi umenimaliza na Kitonga 😂😂

Shangazi Mabuku

Sijamaliza. Mhusika anayekohoa mara moja sehemu ya 10 atakufa sehemu ya 12. Katika riwaya zao hakuna mtu anayekohoa kwa sababu ya vumbi.

Mtutu Mfupi

Kuhusu pacha aliyemtaja mleta uzi: padri wa Kiingereza Ronald Knox aliandika masharti kumi ya riwaya ya upelelezi mwaka 1929. Pacha haruhusiwi mpaka msomaji awe ameandaliwa. Njia ya siri mwisho moja. Mpelelezi mwenyewe asiwe muuaji. Ndoto hakuitaja, nadhani hakuwaza kwamba mtu mzima ataijaribu.

Mla Kurasa

Ashukuriwe. Sasa turudi kwenye mada wakuu. CHAI.

Msomi wa Mlimani

Nyinyi Wabongo afadhali, mnasoma kwa hiari. Huku Kenya riwaya teule, ile ya mtihani, unaisoma kalamu mkononi. Hujui nani anampenda nani lakini unajua ukurasa gani una tashihisi na upi una kinaya. "Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4": nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa sababu gani. Ukijibu hayo manne umepata alama zako zote na kitabu hujakipenda hata nukta. Kisha kuna mwongozo unaokuhadithia riwaya nzima kabla hujaifungua. Angalau wewe mwisho wa hadithi umekushangaza, ndugu yangu.

Kaka Kitasa

Kashangazwa mpaka kasahau kula.

Rafu ya Mtaani

Wote hamjui machungu. Malalamiko ya kweli ni kitabu cha karatasi. Unanunua riwaya, unafika ukurasa wa 80, unafungua, unakutana na 97. Na mbele kidogo 113 mpaka 128 zimekuja mara mbili! Sababu ni kwamba karatasi moja kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 16, mikunjo hiyo ndiyo inapangwa kuwa kitabu. Mpangaji akiruka mkunjo mmoja unakosa kurasa 16 kamili, akibeba miwili unapata ziada. Kabla ya kulipa usipekue juu juu, angalia 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ni nusu dakika tu. Wauzaji hawapendi, waache wasipende.

Jiko la Pwani

Hii nimeihifadhi. Na zile zinazochomoka zenyewe? Unafungua kitabu kipya, kurasa zinabaki mkononi.

Rafu ya Mtaani

Hizo ni gundi ya moto iliyopakwa nyembamba, au mgongo haukuchanwa vizuri kabla ya kupakwa, kwa hiyo gundi imeshika ncha tu. Joto la ndani ya gari hummalizia kazi. Usikubali kuambiwa umekivunja wewe.

Mla Kurasa

Wakuu, uzi ni wa sehemu ya 64…

Shangazi Mabuku

Subiri kwanza baba, mtu anafundisha. Kinatengenezeka?

Rafu ya Mtaani

Kinatengenezeka shangazi. Chomoa kurasa zote zilizolegea, zipange kwa namba, zigonge mezani mpaka mgongo uwe sawa. Bana kati ya vipande viwili vya mbao, mgongo ujitokeze kama milimita mbili tatu. Kwangua gundi ya zamani, piga msasa taratibu mpaka uone nyuzi za karatasi, hapo ndipo gundi mpya inaposhika. Paka gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, iache ikauke kidogo, rudia tena. Bandika kipande cha kitambaa chepesi cha shashi juu yake, kisha jalada. Acha kibanwe usiku kucha. Watu hukosea kwa haraka: wanafungua baada ya saa moja kuona kama kimeshika, na hapo ndipo kinapoachia.

Siti ya Mbele

Super gluu je? Inakauka fasta.

Rafu ya Mtaani

Usithubutu. Inakauka ikawa ngumu haikunjiki, ukifungua kitabu mara ya kwanza mgongo unapasuka na karatasi inachanika nayo.

Mzee wa Rafu ya Juu

Na ukurasa uliochanika katikati, msitie tepu ya kawaida. Inageuka njano, na gundi yake inahamia ukurasa wa jirani. Tumieni kipande cha karatasi nyembamba sana na uji mwepesi wa wanga.

Shangazi Mabuku

Wanga wa muhogo unafaa?

Jiko la Pwani

Mtamu au mchungu, shangazi? 😂

Mzee wa Rafu ya Juu

Wowote. Chujeni kwanza, madonge yakibaki ukurasa unaota vipele. Na tieni nailoni kila upande kabla ya kufunga kitabu, la sivyo mtaunganisha kurasa tatu.