Mimba na mawazo: mliopita huku mlifanyaje? Tupeane uzoefu

BintiGando
Assalaam alaykum wapenzi. Leo ndani ya gari ya Wete kwenda Chake nimekaa na dada mmoja tumbo limeshamshuka, analia chini kwa chini kajifunika mtandio, na watu wote wamegeuzia macho dirishani. Basi yangu yote yakanirudi.

Mimba ya kwanza, mume yuko dago, kambi ya wavuvi, simu haipatikani, na kusi limekaza. Nnaishi kwao, kwa mkwe, si kwetu. Kila redio ikitangaza upepo mkali usingizi unaniruka. Na kulia huwezi, ukilia unaambiwa unamlilia mtu aliye baharini, unamtia nuksi. Nikawa nafungulia maji ndoo ijae, ndo nalia humo bafuni nisisikike. Kula sili, chai tu. Mwisho mama mkwe mwenyewe akaona. Hakusema kitu. Akanikokota hadi jamvini nikachambue karafuu na wazee wenziwe, makonyo huku, karafuu huku, na soga zao zile ambazo hapa siwezi kuziandika. Mikono ikipata shughuli, kichwa kinapumua. Mume alirudi salama, mtoto sasa yuko skuli. Nyie mlifanyaje?

MamaSamir
Ya bafuni tuko wengi, shoga.

Yakhe wa Wete
Bibi zetu walizaa kumi kumi hawakujua stresi. Siku hizi ni simu tu na tamthilia za Kituruki.

Mtoto wa Jang'ombe
Uliwauliza? Wa kwangu alizaa wanane akazika watatu, na mpaka anakufa alikuwa akiwaita usingizini.

Yakhe wa Wete
Mie nimesema tu, msinile nyama.

Mtoto wa Jang'ombe
Tuendelee. Mie yangu ilikuwa kumchukia mume. Harufu yake tu, natapika. Maskini akawa analala ukumbini na mto wake. Kilichonituliza ni embe mbichi kwa chumvi na pilipili, na udongo. Jioni nateremka Forodhani kupunga upepo, peke yangu, bila yeye.

Mkunga wa Zamani
Embe kula. Udongo acha, mwanangu. Unaweza kukupa minyoo na unazuia chuma kuingia mwilini, ndo mnaishiwa damu. Na vidonge vya damu msivishushie chai, mezeni kwa maji au juisi ya chungwa.

Mtoto wa Jang'ombe
Bi mkubwa, huo udongo ndo uliokuwa ukinizuia nisimuue mtu.

MweziWaSaba
Jamani mie nimo humo humo sasa hivi. Nshagombana na wifi, kichwa kinanigonga tangu jana, macho yanapiga vimulimuli, na uso umenivimba kwa kulia. Mawazo haya yanatoka vipi?

Ummu K
Soma Suratul Maryam baada ya alfajiri, na tafuta kombe la zafarani, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani zikaoshwa ukanywa, kwa ustadhi unayemuamini. Mie lilinituliza.

MamaSamir
Lala, zima simu, wifi mwachie Mungu.

Yakhe wa Wete
Asilale, atembee. Kulala kunazidisha fikra.

KikwajuniJuu
Ngojeni yangu. Niko kliniki, benchi limejaa, feni haizunguki. Nesi anapanga kadi, mara kasimama na kadi mbili mkononi, kanikazia macho: "Wewe umejiandikisha mara mbili? Mume huyu huyu, simu hii hii." Nikamwambia mie kadi yangu moja. Akasoma jina la mume wangu kwa sauti, matatu yote, hadi la babu. Nyuma yangu mtu akaitika: "Ndo mume wangu huyo."

Benchi zima kimya. Nikageuka. Msichana mdogo, na tumbo lake limelipita langu! Yaani hesabu zake zimeanza kabla ya zangu, na mie siku zote naambiwa zamu za usiku bandarini. Nikapimwa presha, nesi akarudia kupima, akasema kaa hapo hapo, hutoki.

Yakhe wa Wete
ENDELEA!

MamaSamir
Kahawa nshatia, kashata ipo.

KikwajuniJuu
Nilishajitayarisha kumvua mtandio. Kumbe naye hajui lolote, kaambiwa mke wa kwanza kaachwa zamani. Alikaa chini sakafuni pale pale akaanza kutetemeka, ikabidi mie ndo nimshikie chupa ya maji anywe. Tukabaki wawili tunajipepea na kadi za kliniki, hakuna anayesema neno, na wenye benchi lao wanatutazama.

Nikaenda kwa mama. Mama kanambia zaa kwanza, kesi baadaye, na akapiga marufuku jina la yule bwana kutajwa ndani mpaka nijifungue. Hiyo ndo dawa yangu, mwenye nguvu kuliko wewe akushikie mlango. Na aliyeniletea uji wa pilipili manga nilipozaa mnamjua? Yeye, mke mwenzangu, na kichanga chake kifuani.

Yakhe wa Wete
Ila kisheria bwana hakukosa. Wanne ni haki yake.

Ummu K
Aya isome mpaka mwisho, kaka. Ukichelea kutofanya uadilifu, basi mmoja.

KikwajuniJuu
Haki ya zamu za usiku?

BintiGando
Na bado uko naye?

KikwajuniJuu
Niko naye. Siku hizi zamu zake sote wawili tunazijua.

Mkunga wa Zamani
Hebu simamisheni hicho kikao! MweziWaSaba kapita hapa kataja kichwa, vimulimuli na uso kuvimba, nyie mmoja alale, mmoja atembee, kisha mkakimbilia mke mwenza. Mimba ikishapita wiki 20, hivyo vitatu ni dalili za presha ya mimba. Ikiachwa ndo inakuja kuwa kifafa cha mimba, kile mnachosema kapandwa na mashetani. Kinachotakiwa ni mashine ya presha na kupima mkojo, na kifafa kina sindano yake, ya magnesiamu. Kombe anywe, sikatazi, lakini anywe akiwa spitali. Wee mwanangu toka sasa hivi, usingoje kupatana na wifi.

Na wewe Yakhe, mawazo ya mimba si deko. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mjamzito 1 kati ya 10 hupata tatizo la afya ya akili, sonona hasa, na kwa nchi zinazoendelea ni asilimia 15.6. Nimeyaona kazini kabla sijazisoma hizo hesabu. Wengi walikuwa wakinijibu "sijambo" huku wananitazama miguu.

Yakhe wa Wete
Nimesikia, bi mkubwa. Kwani mke wangu naye halali, nami namwambia azime simu.

Mkunga wa Zamani
Muulize. Kisha unyamaze akujibu.

BintiGando
MweziWaSaba, uko wapi? Jibu hata nukta.

MamaSamir
Wallahi mie sikuisoma ile ya macho.

MweziWaSaba
Nimelazwa. Presha ilikuwa juu na mkojo una protini. Nshachomwa sindano, mtoto anacheza alhamdulillah. Wifi ndo aliyetafuta gari ya jirani, kakaa hapa ananipepea na bado kaninunia. KikwajuniJuu, mwenzio alipata mtoto gani?

KikwajuniJuu
Wa kike. Weka simu chini.