Nipeni maabara isiyokosea hapa Nairobi

Dereva_Rongai: Wadau, nina miaka 34, naendesha matatu. Presha ilinipeleka hospitali wakanitoa damu na mkojo. Kreatinini, ule uchafu ambao figo hutoa kwenye damu, ni 1.9. Daktari ananiambia figo zinachuja 47 tu, eti zimechoka. Mimi nakojoa vizuri, miguu haijavimba, siumwi popote. Naomba tu maabara ya uhakika nirudie.

Mama_Umoja: Pole kaka. Mjomba wangu alikojoa vizuri mpaka wiki aliyoanza kusafishwa damu. Ikabidi auze Probox yake, na aliyeinunua hajamaliza kulipa hadi leo. Msiuze gari kwa maneno matupu.

Fundi_Mabati: Maji lita nne kwa siku na uache bia ya keg. Kwisha.

Mtu_wa_Darubini: Maji hayaponyi figo, fundi. Dereva, hiyo 47 ni mililita kwa dakika, inakadiriwa kwa kreatinini, umri na jinsia. Kati ya 45 na 59 ni daraja la 3a la ugonjwa wa figo, ila kuitwa ugonjwa sugu lazima hali idumu zaidi ya miezi mitatu. Na damu peke yake haitoshi. Albumini ya mkojo, yaani protini inayovuja kwenye figo, ilisoma ngapi? Unameza dawa gani?

Dereva_Rongai: Albumini 420. Dawa hakuna.

Mtu_wa_Darubini: Hakuna kabisa? Dereva wa matatu asiyeumwa mgongo sijamwona bado.

Dereva_Rongai: Haya, diklofenaki, ile ya maumivu. Asubuhi na jioni, tangu mwaka jana. Lakini nanunua kwa duka la dawa, si kwa wachuuzi, na nisipomeza klachi haikanyagiki. Pia kuna dawa ya mitishamba ya kusafisha figo, nimebakisha chupa mbili. Hiyo siachi, maana inafanya kazi. Mke wangu hajui, tafadhali.

Mzee_wa_Kanisa: Kijana, unamficha mkeo? Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Mnoko254: Huu uzi ni wa kutunga. Mwezi wa pili, kwenye uzi wa presha, huyu huyu alisema kreatinini yake ni 168. Leo 1.9. Subirini kidogo mtawekewa nambari ya M-Pesa ya mchango.

Fundi_Mabati: Tena dereva wa Rongai apate wapi muda wa kuandika? Hao hata breki hawana muda nayo.

Mama_Umoja: Nami nilishatoa pole yangu. Nirudishieni.

Dereva_Rongai: Sijatunga! Ilikuwa 168, nikaanza zile chupa, sasa ni 1.9. Ndiyo maana namshangaa daktari. Imeshuka hivyo halafu anasema figo zimechoka?

Mtu_wa_Darubini: Mnoko, chukua simu uzidishe 1.9 kwa 88.4.

Mnoko254: 167.96. Aisee.

Mtu_wa_Darubini: Karatasi ya kwanza ilitumia mikromoli kwa lita, hii ya sasa miligramu kwa desilita; 88.4 ndiyo ya kubadilisha. Kaka, hakuna kilichoshuka. Maabara mbili zimekubaliana, na kutoka mwezi wa pili mpaka huu wa saba miezi mitatu imepita zamani. Halafu hiyo 420, kama ni miligramu kwa gramu, mwisho wa kawaida ni 30, na ikipita 300 uko kwenye kundi la juu kabisa. Rudi kwa daktari na karatasi zote mbili, diklofenaki, maana inaweza kuumiza figo, na hizo chupa. Muulize umeze nini kwa mgongo.

Dereva_Rongai: Na zile chupa nilizolipia?

Mzee_wa_Kanisa: Mpe mkeo azimwage. Atajua yote kwa mara moja.

Dereva_Rongai: Sawa. Nikienda Jumatatu nipime tena?

Mtu_wa_Darubini: Watataka kurudia albumini, kwa hivyo beba mkojo wa kwanza wa asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo usile nyama, inapandisha kreatinini.

Dereva_Rongai: Jumapili jioni tuko ruracio, kupeleka mahari, na mbuzi nimechangia mimi.

Fundi_Mabati: Nitumie location nikakulie.