Maabara ya mtu mmoja Ahero: tone la damu linabanduka, na mwenye kliniki anataka jibu kwa dakika kumi

Benchi_Nyando aliuliza:

Wakuu, hamjambo. Nina diploma ya maabara na leseni ya bodi iko hai. Nimeshika kazi katika kliniki ya kibinafsi upande wa Ahero, Kisumu. Maabara ni chumba kimoja na mfanyakazi ni mmoja, hakuna mkubwa wa kumuuliza. Vipimo vingi ni vya malaria. Nimekwama hapa:

1. Tone nene (damu nzito kwenye slaidi, ya kutafutia vimelea) linabanduka wakati wa kuosha rangi. Lisipobanduka, slaidi inatoka buluu tupu, siwezi kutofautisha kiini na uchafu.
2. RDT (kipimo cha haraka cha malaria) inasema ipo, slaidi inasema hakuna. Afisa wa kliniki anaamini RDT, nami nabaki kuonekana sijui kazi.
3. Mwenye kliniki anataka kila jibu litoke kwa dakika kumi kwa sababu wagonjwa wanaondoka.

Rangi ya kupaka slaidi ni Giemsa, maji ni ya kisima, stima hupotea mara kwa mara. Mkataba bado ni wa mdomo. Nisaidieni kabla sijaharibu jina.

---

MzeeWaGiemsa:

Karibu kwenye benchi la peke yako. Nianze na kubanduka, maana mengi huharibika kabla hata chupa ya rangi haijafunguliwa.

Slaidi inayotoka kwenye boksi usidhani ni safi. Huwa na utando wa mafuta, na kwa unyevu wa kanda ya ziwa hushikana na kuota ukungu. Ioshe kwa sabuni ya unga, isuuze sana, ipanguse kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha uzifunge kumi kumi kwenye karatasi kavu. Ishike kingo tu. Alama moja ya kidole inatosha kuiachisha damu.

Damu ya kidole itoke kidole cha pete. Spiriti ikauke yenyewe kabla ya kudunga. Ikichanganyika na damu huzipasua seli. Tone la kwanza lipanguse kwa pamba kavu. Halafu weka mikrolita 6 za tone nene na mikrolita 2 za tone jembamba (la kutambua aina ya kimelea) kwenye slaidi hiyo hiyo. Tone nene litandaze kwa kona ya slaidi nyingine liwe duara la kama milimita 12. Kipimo cha macho ni kile cha zamani: iweke slaidi juu ya gazeti damu ikiwa bado mbichi, herufi ziweze kusomeka kupitia damu. Zisiposomeka, umeweka nyingi, na hiyo ndiyo itakayobanduka na kwenda na vimelea vyake.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi. Slaidi ilale tambarare, la sivyo damu inakimbilia upande mmoja. Usiianike juani dirishani wala juu ya balbu: joto la Ahero linaikaanga damu, himoglobini inagandia, na Giemsa haitaweza kuitoa. Utaona pazia la rangi ya kutu na hakuna kimelea. Pia ifunike, nzi wa huko hulamba tone kavu hadi liishe, kisha unajilaumu bure. Feni ndogo inatosha, au mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye upepo baridi. Msimu wa mvua kubali kwamba itachukua muda mrefu zaidi.

Methanoli ni ya tone jembamba peke yake, sekunde chache tu. Likiguswa tone nene, hata na mvuke wake, limeshaganda na seli nyekundu hazitapasuka. Ikaushe slaidi ikiwa imeinama, jembamba chini, nene juu, ili methanoli iteremke mbali.

Sasa buluu. Hapo mshukiwa wa kwanza ni maji yako ya kisima. Giemsa inataka bafa (maji yenye kemikali ya kushikilia pH) ya pH 7.2. Maji yakiwa na magadi, kila kitu kinakuwa buluu na kiini chekundu cha kimelea hukioni. Yakiwa na asidi, slaidi inakuwa ya waridi na vimelea vinafifia. Nunua vidonge vya bafa vya 7.2, tumia maji yaliyotoneshwa, na usome kwenye boksi kama kidonge ni cha mililita 100 au cha lita 1. Kukosea hapo ni kukosea mara kumi.

Rangi yenyewe: mililita 1 ya Giemsa kwa mililita 9 za bafa, dakika 10 hadi 15. Slaidi moja hutumia kama mililita 3. Ukiwa na slaidi nyingi na hakuna haraka, tumia asilimia 3 kwa dakika 45 hadi 60, ni nzuri zaidi kwa macho. Changanya unapohitaji, iliyochanganywa asubuhi ukaitumia alasiri imeshachoka, inaacha chembechembe ambazo anayeanza huziita vimelea. Chujua rangi ya chupa kuu, na usitumbukize pipeti yenye maji ndani yake hata siku moja. Tone moja la maji linaanza kuiua chupa nzima.

Na ukimaliza, usiimwage rangi kwa kuinamisha slaidi. Ule utando unaong'aa juu utashukia damu. Mimina bafa polepole pembeni hadi utando uelee na kuondoka, ndipo uinamishe. Maji yasilipige tone moja kwa moja. Isimamishe ikauke, tone nene likiangalia chini.

---

Lenzi100:

Mzee kasema yote ila lenzi. Kabla hujailaumu rangi, itazame lenzi ya mara 100 kwa kuigeuza lenzi ya jicho kichwa chini kama kioo cha kukuzia. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, ni ukungu, na hakuna Giemsa itakayokuokoa. Mafuta yafute kila jioni kwa karatasi ya lenzi, si shuka, si pamba ya wadi. Darubini ilale kwenye sanduku lenye silika (chembe za kunyonya unyevu) inayobadilika rangi. Ikibadilika, ikaushe upya. Na stima ikipotea, darubini yenye kioo na mwanga wa dirisha bado inasoma, usiitupe ile ya zamani iliyo stoo.

---

Dada_Kondele:

Nitashika swali la pili, maana ndilo linalovunja uhusiano kati ya maabara na chumba cha daktari.

RDT nyingi tunazotumia zinatafuta HRP2, protini ya falsiparamu, mojawapo ya aina za kimelea cha malaria. Mgonjwa akishatibiwa, kimelea hufa lakini protini hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa. Katika kanda ya ziwa, ambako mtoto anaweza kutibiwa malaria zaidi ya mara moja kwa mwaka, RDT chanya na slaidi hasi si ajabu, na haimaanishi mmoja wenu ni mjinga. Swali la kumuuliza mgonjwa ni moja: umemeza dawa ya malaria ndani ya mwezi huu? Andika jibu lake kwenye fomu. C.O. (afisa wa kliniki) akilisoma hapo, ugomvi mwingi unaisha.

Lakini kabla hujaitetea slaidi yako, hakikisha umeisoma. Hasi ni hasi baada ya fildi 100 (fildi ni eneo moja unaloliona kwenye darubini) za tone nene kwa lenzi ya mara 100, si baada ya ishirini. Ukiona kimelea, endelea hizo 100 ili usipitwe na aina ya pili. Kisha hesabu dhidi ya seli nyeupe: ukifika seli nyeupe 200 na una vimelea 100 au zaidi, simama. Chini ya hapo endelea hadi seli 500. Maliza fildi uliyomo, usikate katikati. Zidisha vimelea kwa 8,000 (kadirio la seli nyeupe kwa mikrolita moja), gawanya kwa seli nyeupe ulizohesabu. Vimelea 150 kwa seli 200 ni 6,000 kwa mikrolita. Vimelea 30 kwa seli 500 ni 480. Ukiandika namba, daktari anaona mgonjwa wa jana na wa leo wakitofautiana. Ukiandika "++" anaona misalaba tu.

Gametosaiti (hatua ya kimelea inayosubiri kuchukuliwa na mbu) zitaje peke yake, usizijumlishe. Zinaweza kubaki wiki kadhaa baada ya dawa ya malaria ya AL na mgonjwa yu mzima. Ukizichanganya kwenye hesabu, mtu anapewa dozi ya pili bure.

Kinyume chake pia hutokea: RDT hasi, slaidi chanya. Angalia aina ya kimelea kwanza, kwa sababu RDT ya HRP2 pekee haioni aina za malarie wala ovale. Halafu angalia ulivyotumia kiti. Damu ni mikrolita 5, si tone la kukadiria. Bafa ni ile ya boksi lile lile. Kuazima chupa ya kiti kingine ni kosa linalofanyika kila mahali. Usifungue pakiti ukaiacha mezani, unyevu unaiharibu. Soma kwa dakika zilizoandikwa, nyingi ni 15 hadi 20. Mstari unaotokea baada ya saa nzima hausomwi. Na boksi lisikae juu ya kabati chini ya mabati. Angalia kiwango cha joto kilichochapishwa, vingine mwisho ni nyuzi 30, na chumba chako saa nane mchana kinaweza kupita hapo.

Dakika kumi? Hata RDT haijaiva. Mwekee mwenye kliniki hesabu kwenye karatasi: kukausha 15 hadi 30, rangi 10, kuosha na kukausha tena 10, kusoma 5 hadi 10. Ni karibu saa moja. RDT itoe jibu la kwanza kwa dakika 20 mgonjwa akiwa kwenye foleni ya dawa, slaidi ifuate kwa mtoto mdogo, mjamzito, aliyezidiwa, na yeyote aliyetibiwa karibuni. Mgonjwa aliyezidiwa asisubiri slaidi wala foleni, mwite C.O. mara moja.

---

Benchi_Nyando:

Asanteni sana. Dada, jambo moja niliona haya kuliandika mwanzo. Slaidi ikiwa hasi na mgonjwa ana homa, naombwa niandike "wachache wameonekana" ili dawa zitoke. Nikikataa, naambiwa basi nipime Widal, kipimo cha damu cha taifodi. Mnafanyaje?

---

Dada_Kondele:

Usiandike. Sahihi ni yako, na leseni inayosimamishwa ni yako, si ya mwenye duka la dawa. Kuna njia ya kusema hapana bila kelele: andika "Hakuna vimelea vilivyoonekana katika fildi 100, rudia slaidi baada ya saa 12 hadi 24 homa ikiendelea." C.O. akitaka kutibu hata hivyo, hiyo ni haki yake na anaiandika kwa kalamu yake.

Widal moja haithibitishi taifodi. Aliyewahi kuugua, aliyechanjwa, au mwenye bakteria wa jamaa ya salmonela anaweza kutoa chanya. Kinachothibitisha ni kuotesha damu, kabla antibiotiki haijaanza. Kama hamna uwezo huo, sampuli ipelekwe hospitali kubwa Kisumu yenye kuotesha damu. Hii biashara ya "malaria na taifodi" kwenye risiti moja imetuaibisha vya kutosha.

Na weka slaidi zako. Chanya na hasi, kwenye boksi, zenye namba na tarehe iliyoandikwa kwa penseli kwenye sehemu ya kioo iliyokwaruzwa. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye methanoli. Kila mwezi chagua kumi bila kuangalia, mpe mwenzako wa kituo kingine azisome bila kuona jibu lako. Siku ukishtakiwa kwa jibu, boksi hilo ndilo shahidi.

---

Wa_Lanet:

Niko upande wa Nakuru ambako malaria nyingi hutoka na mgonjwa safarini, kwa hiyo slaidi nawaachia nyinyi. Nazungumzia mkataba wa mdomo, kwa sababu hapo ndipo vijana wa maabara huumizwa.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi inayofika miezi mitatu lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Majaribio hayazidi miezi sita, ila mkikubaliana yanaweza kuongezwa hadi jumla ya mwaka. Likizo ya mwaka ni angalau siku 21 za kazi. Kwenye hati ya mshahara angalia NSSF (pensheni), SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo mwajiri naye huongeza asilimia 1.5 yake. Ukikatwa na hupati hati, hujui kama pesa zilifika.

Katika mkataba taka mambo haya yaandikwe: nani hulipa ada ya leseni ya kila mwaka, nani hununua rangi na RDT zikiisha, saa za zamu ukiwa peke yako, na nani anashika benchi ukiugua. La mwisho husahaulika, halafu mhudumu wa mapokezi anajikuta anasoma RDT.

Hakikisha pia maabara yenyewe imesajiliwa na KMLTTB, bodi ya wataalamu wa maabara Kenya, chini ya sheria ya 1999. Leseni yako peke yake haihalalishi chumba. Omba kuona cheti, kisitundikwe tu picha ya nakala.

---

MzeeWaGiemsa:

Nyongeza ya mtu anayefanya kazi peke yake. Chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Sanduku la sindano lifungwe likifika robo tatu. Jik ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, hutoa nusu asilimia ya klorini. Ichanganye upya kila siku. Ukijidunga, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, kisha nenda ukaanze dawa za kinga dhidi ya VVU haraka iwezekanavyo. Mwisho ni saa 72, na dawa ni siku 28. Tafuta leo kituo cha karibu chenye dawa hizo usiku na wikendi, uandike namba yake ukutani juu ya sinki.

---

Benchi_Nyando:

Nimeshaagiza vidonge vingine vya bafa. Boksi la vile nilivyokuwa navyo linasema kidonge kwa mililita 100, nami nilikuwa nakiweka kwenye lita.